Wiki ya Kutomtaja Injinia

Jumapili, 8 Juni 2025

Injinia Senteu amefariki. Jana mchana, ofisini kwake, presha. Nimeandika sentensi hiyo, basi, sitairudia.

Hapa Karatu habari haitembei, inapanda bodaboda. Gari la kumchukua lilikuwa halijafika, na tayari nusu ya mji imeweka picha yake status. Wote marafiki zake wa karibu. Sikujua mtu anaweza kuwa na marafiki wa karibu wengi kiasi hicho na bado kila Jumapili akala mchana peke yake, meza ya nje, na redio. Mimi nilikuwa namwona kupitia ua. Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na michongoma tu.

Mama amelia mpaka sauti imekauka. Mdogo wangu Senteu — ndiyo, naye Senteu, ana miaka mitatu, alipewa jina la Injinia — anazunguka akiuliza kila mgeni kama ameleta soda. Baba yuko Serengeti na wageni, high season, hawezi kuacha gari. Amepiga simu, mtandao ukakata kwenye neno "poleni". Angalau lilifika.

Mimi sijalia. Nimeosha vikombe. Nikiwa na huzuni naosha vikombe, nikiwa na aibu pia naosha vikombe. Kwa hiyo kwetu vikombe ni visafi sana.

Jumatatu, 9 Juni

Kamati ya mazishi imeundwa. Mwenyekiti ni Mzee Clemensi, mwenye loji kule juu njia ya geti la hifadhi. Yeye na Injinia walikuwa hawasalimiani tangu ule ugomvi wa kibao cha njia panda, kila mmoja akitaka mshale wa loji yake uwe juu. Leo amesimama mbele ya watu, kofia kifuani, akasema amepoteza pacha wake. Mapacha wana mambo yao.

Mazishi Jumamosi, nyumbani kwake hapa hapa. Wazungu watakuja, mawakala wa safari na wale wafadhili wa visima. Kwa hiyo wasifu wa marehemu lazima usomwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Halafu nikaona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, kama ng'ombe waliosikia ndoo.

"Huyu binti wa jirani si anasoma zile shule za Kiingereza?" akasema Mzee Clemensi. "Binti, Kiingereza unakijua?"

"Kidogo."

"Amesemaje?"

"Amesema kidogo," mama akatafsiri, kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. "Yaani anakijua sana. Ana haya tu."

"Haya zitaisha. Maiki ikishikwa, haya zinaisha zenyewe."

Mimi. Mimi ambaye nikiagiza chapati kwa Mama Yohani naonyesha kwa kidole. Mimi niliyesahau jina langu kwenye mdahalo wa Form Two, nikasema "I am the proposer" nikakaa. Kamati imenipitisha kwa kupiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kwa jambo ambalo sijakubali.

Jumanne, 10 Juni

Nimepewa drafti. Mzee Clemensi ameiandika mwenyewe, na amepigia mstari sehemu za kutulia ili watu walie.

Zilizo za kweli: alizaliwa Olbalbal kwa wafugaji wa Kimaasai. Alisoma akiwa mkubwa. Akawa mhandisi wa maji. Kampuni yake imechimba visima Baray, Daa, hadi huko huko Olbalbal walikomzaa. Akafungua loji. Akawa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa wilaya. Mke alifariki zamani, mtoto ni mmoja, Naisula, anafanya kazi Arusha.

Zilizobaki ni hizi: "Marehemu alikuwa mcheshi." "Marehemu alikuwa mtu wa watu." "Hakuna aliyefika kwake akakosa tabasamu."

Tabasamu! Nimekaa nikatafuta hata moja. Injinia, mgeni akija, alikuwa anatoka nje kuangalia mafuta ya jenereta. Akija mgeni mwingine, anakwenda kuangalia tena. Jenereta lile lilikuwa na afya kuliko wote pale nyumbani.

Na wema wake ulikuwa wa kuudhi. Alitoa bomba nje ya ukuta wake ili mtaa mzima uchote bure. Akaona watu wamesimama kwenye foleni, akachomelea benchi. Watu wakakaa kwenye benchi. Wakaanza kupiga soga. Akatoka akalalamika kelele. Wakanyamaza. Kesho yake akaja fundi, akajenga kapaa juu ya benchi, maana alikuwa amewaona wameloa wakati anawagombeza. Ukiazima toroli kwake anakuja nyuma yako kukuonyesha namna ya kulisukuma. Bati letu lilikuwa linapigapiga kwa upepo, hakusema kitu wiki nzima, halafu Jumapili moja tunatoka ibadani tunamkuta juu ya paa letu, suti, tai, misumari mdomoni. Mama akamwambia shuka unywe chai. Akasema, na misumari ile ile, kwamba chai yetu ina sukari nyingi.

Mimi alinipa kona. Ofisini kwake, meza ndogo karibu na dirisha, ya kufanyia hesabu, kwa sababu kwetu Senteu anakula daftari. Alikuwa haniongeleshi na mimi simwongeleshi. Jioni anauliza, "Umemaliza?" Nasema ndiyo. Anazima taa. Huo ndio urafiki mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao na mtu mzima. Sijui unaitwaje kwa Kiingereza.

Naisula amekuja kuchukua vikombe. Macho yamemvimba. Nikamwonyesha drafti, akasoma "mcheshi", akatoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko. "Andika ya kwako, Lau," akasema. "Ya Mzee waachie waitie kwenye programu."

Jumatano, 11 Juni

Leo imetokea kitu na naandika haraka kabla sijakipamba.

Watu wa Olbalbal wamefika, mchana, kwenye pikapu mbili. Wa kwanza kushuka ni Ngoitiko, mdogo wake Injinia. Halafu akashushwa mama yao. Wote wanamwita Koko, kwa hiyo na mimi namwita Koko. Nilikuwa nimejiandaa kuona bibi wa huzuni. Nimeona bibi ameshuka, ameangalia turubai, ameangalia viti vya plastiki, akauliza kwa Kiswahili cha mnadani nani ameweka mji mahali pa baridi hivi. Kisha akataka chai. Kisha akasema chai haina maziwa, ni maji yaliyotishwa. Akatoa ugoro wake, akakaa chini kwenye ngozi aliyokuja nayo. Viti akawaachia wenye navyo.

Nikaenda kusalimia. Nikainamisha kichwa kama nilivyoona wenzangu wa Kimaasai shuleni wakiwafanyia wazee, ila nikainama sana, nusura nimpige kifuani. Akanigusa utosini. Mkono mkavu, mzito. Alikuwa bado ameushikilia pale pale wakati mama, upande wa pili wa michongoma, anaita kama anavyoita kila siku ya Mungu:

"Senteu! Senteu we! Rudi nyumbani!"

Mkono ukaondoka kichwani kwangu. Koko akageuka kuangalia geti.

Si kwa muda mrefu. Lakini alilitazama geti namna unavyotazama geti mtu wako akiwa anaingia.

Wanawake wote wa Olbalbal wakashusha macho. Mama akaita tena, na "uji unapoa" juu yake. Naisula akakimbia kumnyamazisha. Nilitamani vikombe vya wilaya nzima.

Ngoitiko ndiye aliyenieleza baadaye, kwa upole, kama naye anaona aibu kwa niaba yangu. Kwao mtu akishaenda, jina lake halitajwi tena pale nyumbani. Linakwenda naye. Si chuki, ni heshima, na ni kumhurumia aliyebaki. Watasema yule, baba wa fulani, aliyekuwa wetu. Na kama kuna mwenye jina kama lake hapo karibu, anapewa jingine.

"Na wasifu?" nikauliza.

"Wewe ndiye msomaji?"

"Ndiyo."

"Pole," akasema.

Naisula alikuwa amesimama hapo. Amesema alijua, ila kwa kujua tu. Amelelewa bweni Arusha, mama yake alikufa akiwa mdogo sana, hakuwahi kukaa kwenye msiba wa kwao akasikia jina linakosekana.

Jumla ya mara jina lilipoandikwa kwenye drafti ya Mzee Clemensi: kila mstari. Pamoja na cheo.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi Ngoitiko alikuja kwetu. Rasmi. Alisimama mlangoni na fimbo yake mpaka mama akamwambia kaa, shemeji. Akakaa. Akasifu maharage yetu yaliyoanikwa. Akasifu baridi. Mwisho akafika: kama mama angeweza, kwa siku hizi tu ambazo bibi yuko hapa, kumwita mtoto jina jingine lolote.

Mama aliweka mwiko chini.

Hapa inabidi nieleze jina. Mama alikuwa Daa kwa bibi yetu alipopata uchungu. Mvua, barabara imekuwa uji, kila gari limekataa. Wakampigia Injinia. Pikapu yake ikazama kabla ya kona. Basi akarudi akachukua lori la mtambo, lile la kuchimbia visima, lenye mnara mgongoni, akalipeleka mpaka Daa, akamleta mama hospitali nalo. Manesi walitoka wakidhani wanachimbiwa kisima. Alipoambiwa ni mtoto wa kiume akasema "vizuri" akaenda kuosha lori. Mama akampa mtoto jina lake. Bibi wa Daa alinuna mwezi mzima, kwamba sisi Wairaqw tumekosa majina mpaka tuazime ya Kimaasai. Mama akasema hajaazima, amepewa, pamoja na usafiri.

"Shemeji," mama akamwambia Ngoitiko leo, "mimi sina kaburi lake. Kaburi ni lenu. Sina picha yake. Kwenye hiyo programu jirani hatumo hata mstari mmoja. Mimi nina huyu mtoto nimwite. Sasa mnataka niache?"

Ngoitiko akaangalia fimbo yake.

"Siku mbili tu, mama Lau."

"Hata nusu. Samahani."

Hakuna aliyepandisha sauti, na ilikuwa mbaya kuliko kelele. Wote wawili walikuwa na machozi, wote wawili walikuwa wanamtetea mtu yule yule. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni na kikombe. Kisafi.

Wakati wakubwa wanashindana kwa heshima, mwenye jina alikuwa ameshapita chini ya michongoma. Tumemkuta kwenye ngozi ya Koko, kwenye paja lake, ana masharubu ya maziwa. Koko anamwonyesha namna ya kupiga chafya bila ugoro. Sijui alimwuliza nini, sijui alijibiwa nini. Naisula anasema Koko alimwuliza jina na yeye akalitaja, lote, na "Injinia" mbele, kama mama alivyomfundisha. Anasema Koko alichovya kidole kwenye kikombe cha mtoto. Halafu akampaka maziwa kidogo kwenye paji la uso, akamwita Kakuta.

Jioni mama akatoka nje.

"Senteu, njoo uoge."

Kimya.

"Senteu."

"Hayupo," akajibu mdogo wangu kutoka nyuma ya pipa. "Mimi Kakuta."

Nilicheka. Nilishindwa kujizuia. Halafu nikamwona mama.

Ijumaa, 13 Juni

Ukungu mpaka saa za chakula. Tisheti zimefika. Picha ni ile ya uzinduzi wa kisima cha Olbalbal, na kila mtu anasema angalieni tabasamu lake. Si tabasamu. Jua lilikuwa machoni. Nilikuwepo, alikuwa anauliza nani amefunga valvu kinyume.

Chini ya picha, jina, herufi kama za kibao cha duka. Nikamwuliza Mzee Clemensi, kwa sauti yangu ile ya kuongea na sakafu, kwamba Koko ataonaje.

"Bibi hasomi," akasema. "Tisheti haina shida. Shida ni mdomo."

"Mdomo wa nani?"

"Wako, binti."

Kamati ikakaa kikao maalumu kuhusu mdomo wangu. Walichoamua: Kiswahili nisome bila jina, nitumie "marehemu". Kiingereza nisome na jina, tena mara nyingi kadiri nitakavyo, kwa sababu bibi hajui Kiingereza. Wakapeana mikono. Wazee wenye loji, wenye magari, wenye mashamba ya ngano, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mama anayelijua jina la mwanawe atalijua hata likisomwa na redio ya Wachina. Ngoitiko alikuwa kwenye kikao. Aliomba ruhusa akatoka nje, nikamsikia anakohoa. Hakuwa anakohoa.

Mchungaji peke yake ndiye asiye na wasiwasi. Amewahi kutumika Olbalbal. Amesema yeye atasema "ndugu yetu" toka mwanzo hadi amina, Mungu anamfahamu anayezungumziwa.

Nimemwambia Naisula aamue yeye, ni baba yake. Amekaa kwenye kitanda changu. Alinyamaza kama baba yake, namna ya mtu anayetafuta kifaa kwenye boksi.

"Baba alipokuwa anakwenda kwao," akasema, "alikuwa anavua saa. Alikuwa mtu wao kabisa. Akirudi huku anavaa, anakuwa injinia. Mimi nilimjua yule mwenye saa tu. Siwezi kuamua, Lau. Andika karatasi mbili. Ukisimama utajua."

Watu wazima wanapenda sana hilo neno. Utajua.

Nimeandika mbili. Zinafanana kila kitu, ila moja ina jina. Ile isiyo na jina imekuwa ndefu kuliko yenye jina. Sijapanga, imetokea tu. Ukiwa huwezi kusema ni nani, inabidi useme alifanya nini.

Mama amezisoma zote. Ameikunja yenye jina, ameiweka kwenye mfuko wa gauni langu la kesho, akaupigapiga.

"Huyu wetu ameshajiita Kakuta," akasema. "Wenyewe hawatamtaja. Tisheti zitakuwa matambara ya kudekia ifikapo Pasaka. Na wewe usipolisema, litasemwa wapi?"

Niliitoa karatasi alipotoka. Halafu nikairudisha.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika hapa hapa msibani. Daftari liko ndani ya programu, watu wanadhani nasahihisha hotuba. Msomaji wa wasifu ana heshima zake, hakuna anayemwuliza kitu.

Wamenikalisha na familia, safu ya kwanza ya viti, na mbele ya viti Koko ameketi chini kwenye ngozi yake. Ngoitiko pembeni. Mama yuko upande wa majirani, mbele kabisa, na tisheti. Kakuta yuko mapajani kwake, naye ana tisheti, inamfika miguuni, kwa hiyo ni mtoto amevaa uso wa mtu akipigwa na jua.

Ibada imekwisha vizuri. "Ndugu yetu" mpaka amina. Koko alitikisa kichwa kwa mchungaji kama mtu anayepokea mzigo uliofungwa vizuri.

Sasa ni salamu. Salamu za wafanyabiashara, salamu za waongoza watalii, salamu za jumuiya, salamu za chama cha wenye loji. Kila anayesimama anaanza na "sina mengi". Wana mengi. Emsii ni Benson, yule wa harusi, amejitahidi kupunguza sauti ila bado anakaribia kusema "pigeni vigelegele". Jina limetajwa tayari na kila mtu, hakuna aliyekumbuka kikao. Kila likipita kwenye maiki naona mabega ya Koko. Hayasogei. Ameinamisha kichwa tu, kama mtu anayesubiri gari lipite na vumbi lake.

Mzungu wa visima amesema maneno matatu akakaa. Mtu mwenye adabu.

Mzee Clemensi sasa. "Sina mengi." Anasema pacha wake hatasahaulika. Anasema wameshauriana, wafadhili na wafanyabiashara, wameona wamuenzi kwa kitu cha kudumu. Kile kisima cha Olbalbal, kuanzia leo, kitaitwa kwa jina lake. Kibao kimeshachorwa. Kikubwa. Mshale juu.

Makofi. Watu wamesimama.

Ngoitiko hajapiga. Ametazama chini, na safari hii hakohoi. Nawaza wachungaji wote wa tambarare ile, na ng'ombe wao wenye kiu, wakiulizwa mnanywesha wapi, na jina halitajwi. Pale. Pale wapi? Pale tu. Kamati imefanikiwa: imetafuta kitu alichokipenda zaidi imekifunga mdomo.

Koko amegeuka. Anaangalia watu wanaopiga makofi. Amemwuliza Ngoitiko kitu kwa Kimaasai, Ngoitiko amegeukia fimbo yake. Basi amegeuka kwangu. Labda kwa sababu mimi pekee nimekaa.

"Wanasema nini?"

Kiswahili. Ananiuliza mimi.

Nikamwambia wanamsifu kwa ajili ya kisima.

"Kisima cha nani?"

Nilitazama mama. Mama alikuwa ananitazama. Karatasi iko mfukoni, naisikia kwenye paja.

"Cha yule," nikasema.

"Yule gani?"

Nilidhani ananitega. Hapana. Alikuwa amesogea, ameweka kiwiko kwenye kiti changu, anasubiri. Tangu Jumatano ameketi hapa akipewa chai na pole, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu juu ya mwanawe. Wenye jina wanalipigia kelele kwenye maiki, wa kwake wananyamaza. Anauliza yule gani kwa sababu anataka kusikia.

Nikamwambia. Sikusimama, sikushika kitu. Nilimwambia yule ambaye ng'ombe wakivuka barabara pale mjini alikuwa anazima gari. Si kusimama tu, kuzima kabisa. Magari ya watalii nyuma yanapiga honi, malori yanapiga honi, askari anapuliza filimbi, yeye ameteremsha kioo, ametoa mkono nje, ng'ombe wanapita wanaugusa. Mimi nilikuwa ndani siku moja, ananipeleka shule, nimechelewa. Alikuwa anasema kitu kwa sauti ndogo kila mmoja akipita. Sikuelewa, kilikuwa Kimaasai. Nilidhani anahesabu.

Koko akasema, "Hatuhesabu ng'ombe."

"Sasa alikuwa anasema nini?"

Ameshika kifundo changu cha mkono, huu ninaoandikia, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Ngoitiko amegeuka naye, anasikiliza. Naisula ameinama kutoka kiti cha pili.

Benson ananiita. "Tumkaribishe binti yetu Laurencia, kwa lugha mbili, makofi kwake tafadhali." Makofi. Mama amesimama, amemnyanyua mtoto juu ili aone.

Benson tena. Maiki inalia. Mzee Clemensi ananionyesha mkono: njoo, njoo.

Koko hajaniachia. Anasema ng'ombe huitwa kwa rangi yake, alikuwa anawaita mmoja mmoja, na anauliza walikuwa wa rangi gani. Nimesema sikumbuki vizuri. Anasema nikumbuke, nianze na wa kwanza.